Shakuru, Fundi wa Supapu Zisizosema

Shakuru wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, hakupenda pikipiki inayosema. Pikipiki nzuri, kwa maneno yake, inanguruma lakini haisemi. Kusema ni ule mlio mdogo, tik-tik-tik, unaotoka juu kwenye kichwa cha injini, kama mgeni anayegonga kijiko kwenye kikombe kuwakumbusha wenyeji chai. Akiusikia, popote alipo, hakuweza kutulia. Mara moja alitoka msikitini pekupeku akamkimbilia mtu aliyekuwa anapita na pikipiki, na yule mtu, kwa kuwa ilikuwa wakati wa vita na hakuna aliyependa kukimbiliwa, akazidisha mwendo. Shakuru alimfukuza mpaka barabara kubwa akipiga kelele, "Supapu! Supapu!" Baadaye yule mtu alisimulia kwamba alidhani Supapu ni jina la kundi jipya lenye silaha.

Kwa wasiojua, supapu ni milango. Ndani ya kichwa cha injini kuna miwili: mmoja unaingiza hewa na petroli, mwingine unatoa moshi. Juu ya kila mlango kuna kidole cha chuma kinachoubonyeza ufunguke, na springi inayourudisha ujifunge. Kati ya kidole na mlango fundi huacha mwanya mdogo sana, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka, na kikirefuka kinahitaji pa kwenda. Mwanya huo ndio unaosema. Mafundi wengine waliuacha useme. Shakuru alikaza skrubu mpaka ukanyamaza.

Na watu walimpenda kwa hilo. Bujumbura ya mwaka 1997 ilikuwa mji wa watu wenye masikio marefu. Mlango ukigongwa na upepo, nusu ya mtaa ilikuwa chini ya vitanda. Siku moja pikipiki yenye supapu zilizolegea na bomba la moshi lililopasuka ilipiga pau! pau! katikati ya soko. Mama wa nyanya alilala juu ya nyanya zake. Mzee mmoja aliingia chini ya meza ya mizani akakuta tayari pamejaa. Mwenye pikipiki mwenyewe aliruka akalala mtaroni pamoja na wengine, na pikipiki ikaendelea peke yake polepole mpaka kwa muuza nyama, ikaegemea pale kama inangoja zamu. Tangu siku hiyo kila aliyekuwa na pikipiki alitaka iwe kimya, na kimya kilipatikana kwa Shakuru.

Kazi zake hazikumrudia vibaya, kwa sababu wateja wengi walikuwa watu wa safari fupi. Kutoka Buyenzi hadi Zone Industrielle, kwenye viwanda, ni tambarare tupu. Injini haijapata joto sawasawa, umeshafika. Alitengeneza pia za watu waendao mbali, Ngozi, Gitega, Rumonge, lakini hao wakiharibikiwa huko walitengenezewa huko, na lawama zilibaki huko. Shakuru mwenyewe hakuwahi kufika. Mwisho wa dunia yake ulikuwa Gihosha, alikokwenda mara moja kwenye msiba, akarudi analalamika kwamba huko juu kuna baridi.

Alikuwa mrefu, mwenye ndevu nzuri na tumbo lililomtangulia kila mahali. Mke wake, Asiya, alikaanga sambusa mbele ya gereji, na watu walimwita Shakuru Baba Houda kwa jina la binti yao wa kwanza. Upande wa pili wa ukuta wa bati alikaa rafiki yake Sulemani, kinyozi.

Ukuta huo wa bati ulisikia mengi. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka, watu wakisema ni ambargo, na vipuri havikuingia tena. Vile vibati vyembamba ambavyo fundi hupimia mwanya wa supapu vilikuwa vimemkatikia Shakuru vyote. Akagundua kwamba wembe wa kunyolea una unene uleule. Unauchomeka kati ya kidole na mlango; ukipita kwa kusuasua kidogo, mwanya ni sawa. Baada ya hapo Shakuru aliutoa wembe, akakaza skrubu tena kidogo kwa ajili ya kimya. Tabu ni kwamba nyembe nazo zilikuwa zimeadimika, na yeye na Sulemani walibaki na mmoja.

"Sulemani! Leta wembe!"

"Iko kichwani mwa mutu!"

"Maliza upande mumoja, unipe!"

Hivyo ndivyo Aboubacar, kijana wa mtaani aliyekuwa anaoa jioni ile, alivyoketi na nusu ya nywele akingoja supapu ya mtu mwingine. Wembe uliporudi, Sulemani aliufuta kwenye suruali, akamalizia. Kumbe haukufutika. Aboubacar aliingia kwenye ndoa yake na mstari mweusi wa oili kutoka paji la uso hadi kisogoni. Walimsugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Mama mkwe aliuliza kwa upole kama ni jambo la ukoo. Ikabidi asivue kofia usiku kucha, na bibi harusi aliwaambia shoga zake kwamba mume ni mzuri, ila ananuka kama lori.

Basi mambo yalikuwa hivyo siku Léocadie alipokuja.

Léocadie alikuwa mwanamke wa Bukavu, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Vita vya Kongo vilipoanza alikimbia na vitu viwili, pikipiki na gauni moja la harusi, akapanga chumba Bujumbura, mtaa wa Mutanga Nord. Vita vilisimamisha mengi lakini havikusimamisha harusi, na mabibi harusi wa huko milimani hawakuwa na pa kupata gauni. Léocadie aliwapelekea. Alilifunga gauni kwenye plastiki, plastiki kwenye katoni, katoni nyuma ya pikipiki, akajiunga na msafara wa magari yanayosindikizwa na wanajeshi, akapanda mpaka Kayanza au Ngozi. Mgongoni gauni lilikuwa na kamba za kukaza na kulegeza, kwa hiyo liliwatosha wembamba na wanene. Lilikuwa limesimama mbele ya mapadri wengi, kila mara na mtu mwingine ndani yake.

Alikuja kubadilisha oili tu. Shakuru aliwasha injini, akainamisha kichwa.

"Mama, hii iko inasema."

"Acha iseme, Papa Houda. Iko inasema tangu Bukavu."

"Apana. Hii ni ugonjwa."

"Mi nimepanda nayo milima yote. We badilisha mafuta tu."

Léocadie akaenda kula sambusa kwa Asiya. Aliporudi, pikipiki ilikuwa kimya kama nguo iliyoanikwa. Hakujua kilichofanyika. Hata alifurahi kidogo, maana njiani alipenda kuimba nyimbo za kanisani, na sasa aliweza kujisikia.

Aliimba mpaka katikati ya mlima. Hapo pikipiki ilianza kuchoka. Alikaza mkono, haikupanda. Akashusha gia, haikupanda. Ikapiga chafya mara mbili kwenye bomba, ikazima, na haikukubali tena kuwaka. Msafara haukungoja mtu. Lori la mwisho lilimpokea yeye, pikipiki na katoni yake, likamweka pamoja na mbuzi. Katoni ikapasuka, na kabla hajawahi kufanya lolote mbuzi mmoja alikuwa ameshakula shela. Bibi harusi wa Kayanza alifunga ndoa na kipande cha shela kilichofika kwenye masikio, na kila mgeni aliyembusu shavuni alirudi nyuma na kuangalia kama kuna mnyama karibu.

Léocadie alirudi Buyenzi juu ya lori, akaishusha pikipiki mbele ya gereji.

"Papa Houda! Umeua pikipiki yangu!"

Shakuru alisimama. "Lakini ilikuwa kimya?"

"Kimya? Hata maiti iko kimya!"

Sulemani, upande wa pili wa bati, alicheka mpaka mteja wake akamwomba aache kunyoa kwanza, amalize kucheka.

Shakuru akafungua kichwa cha injini, kwa hasira kwanza, halafu polepole. Mlango wa moshi ulikuwa umeungua. Ukingo wake, unaotakiwa kuwa mviringo kamili, ulikuwa umemegeka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Yeyote angeelewa: mlimani chuma kilirefuka, hakikupata nafasi, kikauzuia mlango usifunge, na moto ukapita hapohapo kwenye ufa mpaka ukaula. Shakuru alielewa. Aliuzungushazungusha mkononi, akasema, "Hii chuma ya siku hizi, mbaya sana."

Supapu mpya haikuwepo mjini. Alizunguka siku kadhaa mpaka akapata moja ya mashine ya kusagia mahindi, kubwa mno, akaipeleka Zone Industrielle kwa Cirimwami, Mkongomani mwenye mashine ya kukerezea vyuma, naye akaipunguza ikawa saizi. Kisha ikabidi kuisaga supapu ndani ya kiti chake ili ifunge bila kuvuja. Unapaka dawa ya mchanga laini, unashika kijiti chenye mpira unaonata kwenye supapu, unakizungusha kwa viganja viwili kama mtu anayewasha moto wa porini. Shakuru alizungusha mpaka mikono ikachoka, akampa Sulemani. Sulemani alizungusha huku akisimulia habari za mteja wake, habari ikinoga mikono inasimama, Shakuru akimgonga kwa goti aendelee. Mwisho walimimina mafuta ya taa ndani, wakaenda kuswali, wakarudi. Hakuna tone lililopita.

Ugomvi ulirudi kwenye mwanya. Léocadie aliketi juu ya tairi, akakunja mikono.

"Fundi wangu wa Bukavu alikuwa anaweka wembe. Na kwa mlango wa moshi, wembe pamoja na karatasi yake."

"Karatasi? Kule Bukavu munanyoa na karatasi?"

"Weka karatasi, Papa Houda. Moshi iko na moto mingi kuliko hewa. Hata mutoto anajua."

"Itasema."

"Iseme! Na kesho Jumamosi iko harusi Kayanza, na we utapanda nyuma yangu. Ikizima, utasukuma."

Shakuru akasema hawezi, ana kazi. Asiya, bila kuinua macho kutoka kwenye karai la sambusa, akasema, "Baba Houda, nenda. Nenda upate hewa." Akamfungia chapati haraka sana, kama mtu aliyekuwa amezikanda tangu jana.

Wakaweka wembe na karatasi. Pikipiki ikasema tik-tik-tik, na Shakuru akawa kama mtu anayeumwa jino.

Alfajiri ya Jumamosi walifika kwenye kizuizi cha kutokea mjini, magari yalipokusanyika kungoja wanajeshi. Injini ilikuwa inawaka polepole, inasema. Dereva mmoja wa lori akatoa kichwa dirishani.

"Mama, cherehani yako iko inashona nini?"

Watu wakacheka. Mwingine akaongeza, "Fundi wake ni nani?" Shakuru akatazama ndevu zake. Léocadie akazima injini, akaenda kununua maji. Injini ilikuwa haijapata joto sawasawa na spana zilikuwa mfukoni. Shakuru alifungua vifuniko viwili, akakaza skrubu ya mlango wa moshi kidogo tu, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye chakula cha mwenzake, akafunga. Léocadie aliporudi na kuwasha, mlio ulikuwa umepungua nusu.

"Imetulia," alisema, akishangaa.

"Asubuhi vyuma vinatulia," alisema Shakuru.

Msafara ukaondoka. Walipita Gihosha, naye akavuka mwisho wa dunia yake akiwa ameshikilia kiuno cha mwanamke mfupi, tumbo lake likiwa katikati yao kama abiria wa tatu, na katoni mpya ya gauni ikimkaba mgongoni. Barabara ilianza kupinda. Chini, ziwa lilionekana na kupotea, likaonekana tena dogo zaidi. Shakuru hakuangalia ziwa. Alisikiliza injini.

Kwenye kona kali ya tatu au ya nne akaisikia inavuta pumzi vibaya. Léocadie akashusha gia. Lori la chumvi likawapita. Basi likawapita. Gari dogo lenye godoro juu likawapita, na bibi kizee aliyekaa ndani akawapungia mkono kwa huruma. Kisha bomba likapiga pau!

Wanajeshi wa gari la nyuma waliruka chini wote na kuelekeza bunduki mlimani. Mlimani kulikuwa na ng'ombe mmoja. Ng'ombe akawatazama. Bomba likapiga tena, pau, na askari mmoja akageuka polepole akamwangalia Shakuru.

"Ni nyinyi?"

"Ni supapu, afande," alisema Shakuru kwa sauti ndogo.

Waliipakia pikipiki juu ya lori lililobaki, lori la bia. Shakuru, ambaye hakuwahi kugusa hata kizibo chake, akapanda mlima juu ya kreti za bia akiomba Mungu amsamehe kila gurudumu lilipoingia shimoni na chupa zikagongana chini yake. Léocadie alimtazama njia nzima. Hilo lilimwogopesha kuliko askari.

Bugarama ipo juu kabisa, mahali barabara ya Gitega na ya Kayanza zinapoachana. Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Msafara ulisimama hapo kungoja wanajeshi wa kupokezana, na akina mama wa kabichi na karoti wakayazunguka magari. Léocadie akashusha pikipiki.

"Fungua."

"Apana, Mama. Supapu haipimwi na moto. Lazima injini ipoe kabisa, kama maji ya kisima."

Hapo alisema kweli, na Léocadie alijua. Wakasimama pembeni kungoja. Injini ilikuwa inapoa. Shakuru alikuwa anapoa haraka zaidi. Alikuja na shati jepesi la Buyenzi, na upepo wa Bugarama uliingia kwenye kola, ukazunguka tumboni, ukatoka kwenye mikono. Meno yake yalianza kugongana. Mama mmoja wa kabichi akamgusa mwenzake. "Uyu mutu anatetemeka. Anaogopa nini?"

Injini ilipopoa, Shakuru akafungua vifuniko, akatia mkono mfukoni kutafuta wembe. Akatia mfuko wa pili. Akakumbuka kwamba jana jioni kulikuwa na mtu wa kunyolewa.

Kaporali mmoja aliyekuwa analinda pale, kijana mwenye masharubu machache aliyeitwa Hyacinthe, alikuja kuona.

"Kuna nini?"

"Afande, natafuta wembe."

Kaporali akashika bunduki vizuri. "Wembe ya nini?"

"Ya supapu."

"Supapu ni nani?"

"Si mutu, afande. Ni mulango."

"Unataka kukata mulango na wembe?"

"Apana, nataka kuona kama iko wazi."

Kaporali Hyacinthe aliinama, akachungulia ndani ya injini. Akamtazama Léocadie, kama anaomba mkalimani. Léocadie akamweleza harusi, gauni, mbuzi, mlima, na jinsi mwanaume huyu alivyopenda kimya kuliko kufika. Kaporali alielewa hasa sehemu ya harusi. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda likizo wiki ijayo kumwona mchumba, na kwa ajili hiyo alikuwa na wembe mpya kabisa kwenye mfuko wa shati, bado ndani ya karatasi yake. Aliutoa kama mtu anayetoa pete.

"Urudi safi," alisema.

Shakuru aliupokea, lakini mkono ulikuwa unatetemeka kama jani. Aliulenga mwanya, akachoma springi. Akaulenga tena, akajikata kidole gumba.

"Siisikii mikono yangu," alisema. "Mama, baridi imeniua."

Léocadie alitazama huku na huku. Hakukuwa na koti. Hakukuwa na blanketi. Kulikuwa na kabichi, bia na katoni. Alisimama, akahesabu moyoni kipi kibaya zaidi, kisha akaifungua katoni.

"Inua mikono."

"Mama, apana."

"Inua mikono, Papa Houda. Bibi harusi anangoja Kayanza."

Gauni lilikuwa na tabaka nyingi, na Shakuru alikiri baadaye kwamba lina joto kuliko sweta. Lilishuka vizuri mpaka tumboni, likakwama. Mama wawili wa karoti wakashika kamba za mgongoni na kuzilegeza zote, wakavuta kwa pamoja, likapita. Mshono mmoja ulisema tsss. Léocadie akamkunjia mikono ya lesi hadi kwenye viwiko, akaubeba mkia wa gauni usiguse tope, akamsimamia.

"Tone moja ya oili kwa hii gauni," alisema, "na leo utaolewa weye."

Shakuru alichuchumaa mbele ya pikipiki, mweupe kama mlima wa chumvi, ndevu zikitoka juu ya lesi. Watu wa basi walishuka wote. Dereva wa lori la bia alipanda juu ya kreti ili aone. Shakuru hakuwaona. Mikono ilikuwa imeacha kutetemeka. Akachomeka wembe kwenye mlango wa hewa: ukapita kwa kusuasua, sawa. Akauchomeka kwenye mlango wa moshi. Haukuingia. Haukuingia hata ncha.

Léocadie aliinama. "Jana tuliweka wembe na karatasi. Leo wembe peke yake haiingii. Nani alibana?"

Shakuru akakaza macho kwenye skrubu.

"Papa Houda."

"Baridi inabana vyuma, Mama."

"Baridi ya Bugarama ilishuka mpaka kizuizi cha Bujumbura, ikashika spana?"

Shakuru akachukua spana. Mwanaume aliyevaa gauni la harusi mbele ya msafara mzima hana mengi ya kubishania. Alilegeza skrubu, akachomeka wembe pamoja na karatasi yake, akavuta, akasikia ule mkwaruzo mdogo unaotakiwa, akakaza nati huku amezuia pumzi ili tumbo lisiguse injini. Akafuta wembe kwenye soksi yake mwenyewe, pande zote mbili, akamrudishia Kaporali Hyacinthe. Kaporali aliutazama kwenye mwanga, akaunusa, akapiga saluti.

"Asante, bibi harusi."

Léocadie akapiga teke. Injini ikawaka mara ya kwanza. Tik-tik-tik, ilisema, na akina mama wa kabichi wakapiga vigelegele.

Kutoka Bugarama hadi Kayanza barabara inapanda na kushuka bila huruma, na pikipiki haikukosa hata pumzi moja. Ilisema kila mita. Shakuru, amevuliwa gauni na kupewa gunia la karoti la kujifunika, alisikiliza kwanza kama hakimu, halafu kama mgonjwa, halafu akalala. Alilala palepale nyuma, kidevu begani kwa Léocadie, na kofia yake ya pikipiki ikawa inagonga ya mwenzake ko, ko, ko kwenye kila shimo.

Bibi harusi aliitwa Benite, na alikuwa amesimama mlangoni kwao tangu asubuhi akitazama barabara. Mama yake alilipokea gauni, akalinusa, akakunja uso.

"Safari iliyopita tulisikia lilikuwa linanuka mbuzi," alisema. "Leo linanuka mwanaume."

"Ni maendeleo," alisema Léocadie, akaingia ndani na sindano kushona mshono uliopasuka.

Benite alipendeza. Shakuru alingoja nje ya kanisa na pikipiki, akiwa bado na gunia lake, na wageni waliomwona walidhani ni mtu wa mboga. Kwenye karamu walimpa maharage, ndizi na soda, wakamvuta acheze, akacheza vibaya kwa furaha nyingi.

Habari ilimtangulia nyumbani. Dereva wa lori la bia alikuwa ameshuka kabla yao, na dereva yule alikuwa na mdomo. Shakuru alipoingia Buyenzi siku ya pili, kabichi kubwa likiwa mapajani, mtaa mzima ulikuwa nje. Sulemani alikuwa amesimama mbele na kitambaa cha kunyolea begani.

"Karibu, bibi harusi! Mahari alipewa nani?"

Aboubacar alicheka zaidi ya wote, na hakuna aliyemlaumu.

Tangu wakati huo Shakuru aliacha mwanya, wembe kwa hewa, wembe na karatasi kwa moshi. Wateja wa zamani walinung'unika kwamba fundi amechoka, pikipiki zinasema. "Injini ni kama mutoto," aliwajibu. "Akipiga kelele chumba cha pili, kaa, kunywa chai. Akinyamaza, kimbia ukaone." Wengine walihamia kwa mafundi wengine na kurudi baada ya mlima. Léocadie alikuja kabla ya kila safari, asubuhi, injini ikiwa baridi, na mara nyingine Shakuru alipanda nyuma tena, safari hizo akiwa na makoti mawili.

Lakini siku ile ya kwanza, watu walipokwisha kutawanyika, Asiya aliketi naye mlangoni. Alikuwa hajacheka hata kidogo mbele za watu. Alikuwa anajizuia, mabega yanamtingishika.

"Baba Houda, umefika mbali kuliko sisi wote. Umeona nini huko juu?"

Shakuru alifikiri. Alikuwa amepita milima, ukungu, misitu, na sehemu ambazo kwa maisha yake yote alizijua kwa majina tu.

"Kabichi," alisema. "Mama Houda, kule kabichi zao ni kubwa sana."

Asiya akaenda jikoni haraka, akafunga mlango, na kutoka ndani akasikika akicheka mpaka sufuria ikaanguka.